Ng'ombe wa Apalokori na Waranti ya Mwaka Mmoja

Kabla sijaanza kuuza redio, pasi na mashine za gemu hapa Isiolo, nimeuza miraa, nimeuza mitumba, na nimeuza chai Garbatulla mpaka upepo ukaondoka na paa la hoteli, nami nikaondoka kulifuata paa. Kwa hiyo nikisema nimeona wateja, nimewaona. Kuna mmoja alinirudishia pasi iliyomchomea shati asubuhi ya harusi yake, na hakutaka pasi nyingine, alitaka niende kanisani nikaeleze. Nilienda. Nikala na pilau.

Lakini hakuna aliyewahi kuniletea kitu kibovu akiwa amekifunika shuka na kukipakata kifuani kama mtoto mwenye homa, mpaka Jumatatu ile alipoingia mzee Ewesit wa Kambi ya Juu. Alikiweka mezani polepole, akatoa kile kigoda chake kidogo cha mbao ambacho Waturkana huketia mchana na kulalia kichwa usiku, akaketi katikati ya duka.

"Mama Kiugu," akasema, "hii kitu yako imefunga ng'ombe yangu."

Nilijua ni ng'ombe gani. Mji mzima ulijua.

Mzee Ewesit alikuwa mfugaji wa kweli, wa kutajwa. Kisha ukaja ule ukame wa mvua tano zilizokataa, ng'ombe wake wakaisha mmoja mmoja upande wa Leparua, akarudi mjini na fimbo, kigoda na kengele ya shingoni ya dume lake alilolipenda kuliko ndugu zake. Dume lile lilikuwa la mabaka kama twiga, likiitwa Lokori, na kwa desturi yao mwanamume huitwa kwa dume lake, kwa hiyo yeye ni Apalokori, baba yake Lokori. Mwaka mzima alikaa mlangoni kwake bila kusema kitu. Binti yake Akidor, nesi kule Nakuru, alinunua kwangu mashine ya gemu kumzawadia mwanawe, mwana akaenda shule ya bweni, mashine ikabaki na babu.

Ndani yake kulikuwa na mchezo wa shamba. Unalima, unapanda, unavuna, unauza, unakuwa tajiri. Mzee hakulima hata mstari mmoja. Trekta aliliendesha mara moja tu, kulitoa njiani ili ng'ombe wapite. Alinunua mitamba sita na dume moja la mabaka, na akaanza upya. Hakuuza hata mmoja. Mchezo ulimwandikia kila siku kwamba soko liko juu, auze, naye kila siku akaujibu kwa sauti: "Uza mama yako." Kengele ya Lokori aliitundika juu ya televisheni. Pembeni mwa kioo, pale mchezo unapoonyesha idadi ya mifugo, alibandika plasta ya kidonda, maana mtu mwenye akili hahesabu ng'ombe wake. Ni mjukuu, alipokuja likizo, aliyeniambia idadi, kwa kunong'ona: mia mbili na kumi na wawili. Babu aliwajua wote kwa rangi na kwa mwendo.

Basi ndio hao waliofungwa.

"Imefungaje, Apa?"

"Nikiwasha, inakaa kidogo kama ya kuchemsha yai, inalia vuuu kama ndege, inazima. Hata maji sijawapa. Siku nne." Akainua vidole vinne. "Ulisema mwaka mmoja haina shida."

Nilisema. Kwa mdomo wangu huu. Mimi ndiye wakala wa kampuni hapa mjini, na kila nikiuza huwa naipiga mashine kofi kidogo mgongoni na kusema, "Hii ni mwaka mmoja, bila wasiwasi." Nilitazama risiti. Mwaka ulikuwa umebakisha siku tisa.

"Uko sawa kabisa," nikamwambia. "Ng'ombe wako wana bahati."

Nilipiga simu Nairobi, nikaweka spika ili mzee asije akasema nimemficha kitu.

"Asante kwa kupiga simu, jina langu ni Gatakaa, nikusaidie vipi?"

"Gatakaa! Jina la kwetu hilo! Wa wapi, mwanangu? Wa Maua?"

"Mama, simu hii inarekodiwa."

"Basi sema kwa sauti, ishike vizuri. Wa Maua?"

"Wa Mikinduri," akanong'ona.

"Aa, basi tumefika. Mimi ni Karambu, Mama Kiugu, wakala wenu Isiolo. Nina mashine ya gemu hapa na mwenyewe yuko. Apa, mwambie dada shida."

Mzee alisogea akaiongelesha simu kama mtu anayeita ng'ambo ya lugga, mto mkavu. "NG'OMBE YANGU IKO NDANI! INAZIMA! HAIJAKUNYWA MAJI!"

Nikasikia mtu akibonyeza kompyuta, akiacha, akibonyeza tena.

"Mama," Gatakaa akasema, "hapa nina vitu vitatu vya kuchagua. Haiwaki, inazima yenyewe, na mengineyo."

"Andika inazima yenyewe."

"Andika hiyo mengine," mzee akasema. "Hiyo iko na nafasi."

Gatakaa aliandika, kisha akatangaza habari njema kwa sauti ya mtu aliyefundishwa kuitangaza: kwa kuwa waranti bado iko, kampuni haitahangaika kutengeneza, itatuma mashine mpya kabisa, ya zamani itasagwa kama taka ya elektroniki. Nilipiga makofi. Ni mara ya kwanza nimeona kampuni ikitoa kitu bila kuvutwa shati.

Mzee hakupiga makofi. "Hiyo mpya," akauliza, "iko na ng'ombe?"

"Hapana baba, inakuja tupu."

"Basi wewe unanipa boma. Mimi nimeleta ng'ombe." Akanigeukia. "Na amesema nini itasagwa?"

Sikumtafsiria. Gatakaa akaeleza kwamba ndani ya mashine kuna kumbukumbu, kwamba mchezo wote umekaa humo, na kwamba wateja hushauriwa kutunza nakala mahali pengine.

"Mahali pengine wapi?" mzee akasema. "Nilikuwa na wengine Leparua. Unajua walienda wapi hao?"

Gatakaa aliacha kubonyeza. Mwishowe akasema, sasa kwa sauti ya Mikinduri na si ya kampuni, kwamba naweza kujaza fomu ya pili, ya watu wanaokataa mpya na kuomba ile ile ifunguliwe na kutengenezwa. Lakini fomu iwe na muhuri, maana kwao karatasi bila muhuri ni kitambaa cha kupangusia meza. Nikaipiga muhuri hapo hapo. Muhuri wangu bado ni ule wa Garbatulla, umeandikwa CHAI, MAHAMRI NA MALAZI. Haujawahi kukataliwa.

Nilidhani tumemaliza. Nikachukua sanduku, nikaitia humo na shuka lake bila kuifunua, nikataka kuipakia kwa gari la vifurushi la saa nane. Mzee akaweka fimbo juu ya sanduku.

"Inaenda Nairobi hivi hivi?"

"Iende vipi, Apa? Na kofia?"

"Ng'ombe haitoki wilaya bila kibali. Unataka nishikwe mimi kama mwizi? Njia yote hii kuna vizuizi. Polisi akifungua, akiwasha, akaona ng'ombe wote hao bila karatasi, nitasema nini?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka. Nikatafakari kwamba mtu huyu alikuwa amepeleka mifugo sokoni miaka arobaini na hakuna siku alivuka kizuizi bila karatasi, na kwamba haingenigharimu kitu kuvuka barabara. Tukaenda kwa Elema.

Elema alikuwa mkaguzi wa mifugo kabla hajastaafu. Siku hizi ana duka la dawa za wanyama karibu na langu, na kwa sababu mazoea hayastaafu, ana daftari lake mwenyewe la kuandikia mifugo ya watu, lenye safu za tarehe, idadi, rangi, chanjo, alama na kila kitu, na muhuri wa duka lake wenye kichwa cha ngamia. Halina nguvu ya serikali hata kidogo. Lakini ameliandika kwa miaka kumi na hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Salaam aleikum," nikamsalimu.

"Waleikum salaam, Karambu. Habari, Ewesit. Nini hiyo umefunika? Mtoto wa mbuzi?"

"Ng'ombe," mzee akasema.

Elema alinitazama mimi, akatazama sanduku, akavaa miwani. Nilimwona akianza kama mzaha. Nakiri alianza kama mzaha. Lakini mtu akishika kalamu ya kazi yake ya zamani, mkono unakwenda wenyewe.

"Idadi?"

Mzee akatazama dari. Elema naye ni Mborana, anajua adabu. Akaandika: *Wote.*

"Rangi?"

Hapo tulikaa nusu saa. Mzee alitaja mmoja baada ya mwingine, mweusi wa tumbo jeupe, mwekundu wa paji, wa kijivu anayechechemea, na Elema akaandika zote, akabandika karatasi ya pili. Mteja mwenye kuku mgonjwa aliingia, akasikiliza kidogo, akatoka na kuku wake.

"Wamechanjwa midomo na kwato?"

"Huko hakuna ugonjwa."

"Huko ndiko nitahamia," Elema akasema. "Alama?"

Mzee alichukua kalamu akamchorea. Mimi wakati huo nilikuwa nimeenda mlangoni kuangalia kama gari la saa nane limefika. Nikarudi, Elema akanisukumia daftari. "Weka sahihi hapo, wewe ndiye shahidi." Nikaweka. Kusoma sikusoma. Mimi ambaye kila siku nawaambia wateja, soma kabla ya kuweka sahihi, mpendwa. Elema akapiga ngamia wake, pa! Nakala moja ikaingia ndani ya sanduku, kwa sababu mzee alisema karatasi husafiri na mifugo, haibaki nyumbani.

Wiki ikapita. Kila asubuhi nikifungua duka namkuta kwenye kigoda chake. Hakununua, hakusumbua. Wateja walimzoea wakawa wanamruka. Nikamuuliza kwa nini asisubiri nyumbani.

"Nyumbani hakuna kitu ya kuangalia," akasema.

"Na hapa?"

"Hapa kuna wewe unadanganya watu. Siku inaisha haraka."

Siku ya nane simu ikalia. Ni Gatakaa, na hii ilikuwa sauti ya kampuni, kavu kama chapati ya jana.

"Mama, dai lenu limekataliwa. Kifaa kimeungua kwa moto kikiwa kwa mteja. Matundu ya hewa yameyeyuka yote. Hiyo ndiyo sababu kinapata joto na kuzima. Waranti imefutwa. Kisipochukuliwa kesho jioni kinaingia kwenye mzigo wa kusagwa."

Nilizima spika, lakini nilikuwa nimechelewa. Nikageuka polepole.

"Apa. Ulichoma mashine?"

"Hapana," akasema. Nikapumua. "Niliweka alama."

"Alama gani?"

"Emachar. Ya ukoo yetu." Akanishangaa, kama mtu aliyeulizwa kwa nini amevaa suruali. Kule kwao majirani waliibiwa televisheni mwezi uliotangulia. Yeye hangeweza kuwafikia kwa chuma ng'ombe wa ndani ya kioo, alishajaribu kufikiria njia ikakataa. Kwa hiyo aliweka alama kwenye boma lao. Alipasha chuma, akatafuta ubavu, mkono wa kulia, mahali palipo laini.

"Palipo na matundu," nikasema.

"Hapo ngozi yake ni nyepesi."

Nilikaa chini. Nimewahi kumwambia mtu kwamba redio aliyonunua haishiki stesheni anayoipenda. Nimewahi kumwambia bwana harusi kwamba pasi haina kosa, ni kitambaa. Sikuwahi kumwambia mzee aliyezikwa moyo upande wa Leparua kwamba hawa wa pili amewaziba pumzi yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akiwalinda.

Nilimwambia. Ningefanyaje?

Alitazama viganja vyake, akaviweka juu ya magoti vikiwa vimefunuliwa, kama mtu anayesubiri kupewa kitu. Kisha akasimama, akachukua kigoda.

"Unaenda wapi?"

"Nairobi. Kesho jioni iko mbali?"

"Kaa chini, Apa! Ukifika huko na fimbo hiyo watakusaga wewe kwanza. Kaa."

Nikavuta kitabu cha masharti ya waranti. Nimekiuza pamoja na kila mashine kwa miaka mitatu na sikuwahi kupita picha ya jalada. Nikakisoma, mimi Karambu, kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtoto wa darasa la pili. Kisichomwe. Kisiloweshwe. Kisianguke. Kisifunguliwe. Mwandishi wake alionekana kuwa mtu asiyetaka kifaa kiishi na binadamu. Na hapo, kipengele cha saba, herufi ndogo kama chawa: *Jina au alama ya utambulisho iliyowekwa na mwenye kifaa, kwa njia yoyote, haitaondoa haki yake ya waranti.* Nadhani waliwawekea shule na maofisi, wanaopaka rangi majina kwenye kila kompyuta kuzuia wezi.

Kwa njia yoyote. Nililibusu neno hilo.

"Gatakaa wa Mikinduri," nikasema simu ilipopokelewa, spika ikiwa wazi tena, "fungua kipengele cha saba. Soma kwa sauti, si mnarekodi?"

Akasoma. Akasoma tena. "Lakini mama, fundi ameandika ni ajali ya moto. Nani atathibitisha ni alama?"

"Niunganishe na fundi."

Aliniunganisha. Nikasikia kelele za karakana, kisha sauti ya kijana, ya upole. "Guleid hapa."

"Guleid, mwanangu, hiyo mashine umeiona vizuri? Ule moto umekaa vipi?"

"Nimeiona." Akashusha sauti. "Mama, ngoja nikwambie. Mimi niliandika ajali kwa sababu fomu yetu ina ajali na haina kingine. Lakini moto wa ajali hauna kona. Huu una kona tatu, na mstari umeenda mpaka mwisho ukakatwa vizuri. Babu yangu alikuwa na ngamia. Hii kitu nimeshaiona kwenye mapaja."

"Basi sema hivyo!"

"Nikisema mimi ni maneno. Bosi anataka karatasi, ya tarehe ya kabla ya dai kukataliwa. Na muhuri."

Nilitaka kulia. Karatasi gani? Nani hapa duniani angeandika rasmi, kabla ya shida, kwamba mashine ya gemu ina alama ya ukoo ubavuni?

Mzee alinigusa bega na fimbo. "Ile ya Elema," akasema.

"Ile ni ya ng'ombe, Apa."

"Alama si nilichora?"

"Guleid," nikasema, "angalia ndani ya sanduku, chini kabisa. Kuna karatasi mbili zimebandikwa."

Tulisikia sanduku likikwaruza. Tukasikia karatasi. Kisha mtu akasoma kwa sauti ndogo: "Mweusi wa tumbo jeupe. Mwekundu wa paji. Wa kijivu anayechechemea..." Akasoma zote. Zote! Mafundi wengine walikuwa wameacha kugonga. Halafu: "*Alama: kama ilivyochorwa, ubavu wa kulia wa boma, kwa chuma cha moto. Mwenyewe: Ewesit. Shahidi: Karambu, wakala.* Mama, kumbe ulijua?"

"Ningekosa kujua?" nikasema. Mzee alinitazama. Nikamkwepa.

"Na kuna muhuri," Guleid akasema, kwa heshima. "Wa ngamia."

Sijui bosi wa Nairobi alijadiliana nini na nafsi yake. Najua kwamba saa kumi Gatakaa alipiga, akasema dai limekubaliwa chini ya kipengele cha saba, feni itabadilishwa, ganda litabadilishwa, kumbukumbu haitaguswa lakini hawaahidi kitu. Nikamwambia mzee kila neno isipokuwa la mwisho. Akaniuliza la mwisho ni lipi, maana aliona mdomo wangu umebaki wazi. Nikamwambia.

Ilirudi baada ya siku sita. Habari ilitangulia, kwa sababu Elema anauza dawa na hatozi umbea. Walipofika watu kumi nilifunga nusu ya mlango. Ndani ya sanduku kulikuwa na mashine inayong'aa, na pembeni, ndani ya mfuko wa nailoni, kile kipande cha ganda la zamani chenye alama.

"Na ngozi wamerudisha," Elema akasema.

Niliunganisha mashine na televisheni kubwa ya dukani. Mzee alipanda juu ya kigoda, akabandika plasta kwenye kona ya kioo kwanza, akaipangusa, akashuka. Kengele ya Lokori alikuwa nayo mkononi, ameziba ulimi wake kwa kidole isilie. Nikabonyeza. Taa ikawaka. Kioo kikawa cheusi, kikabaki cheusi kwa muda ambao sitausahau, nikaanza kupanga maneno ya kumwambia na sikupata hata moja la mzaha.

Kisha nyasi.

Walikuwa wamesimama karibu na hori, wamepangana matako kwetu, wote. Lile dume la mabaka likageuza kichwa. Mzee aliondoa kidole, kengele ikalia mara moja. Elema akavua miwani.

Alichukua pedi ya kuchezea, akatembea katikati yao. Hakuhesabu. Aliwapita tu, midomo ikicheza, dakika ishirini nzima, na duka zima likatembea naye. Halafu akasimama ghafla.

"Huyu si wangu."

Ilikuwa ndama jike, mwekundu, miguu myembamba, nyuma ya yule wa kijivu anayechechemea. Watu wakaanza kunong'ona. Nikampigia Guleid kwa namba aliyoiandika juu ya sanduku, spika wazi.

"Guleid, kuna ng'ombe wa watu ndani ya mashine!"

Akacheka kwa aibu. "Mama, ilibidi niiache iwake siku tatu kujaribu kama joto linapanda. Sasa walikuwa wanalia. Hori tupu, maji hakuna. Mafundi wengine walisema niwazime sauti. Nilishindwa. Nikawa nawalisha asubuhi kabla ya kazi na saa saba. Huyo wa kijivu akazaa siku ya pili. Nimekosea?"

Mzee alichukua simu mkononi mwangu. Safari hii hakupiga kelele.

"Ulichunga siku tatu?"

"Ndiyo, baba."

"Maji ulipea?"

"Nilipea."

"Basi huyo mdogo ni yako. Mtu akichunga, hivyo ndivyo tunafanya. Atakaa hapa na wengine, nitakutunzia. Akizaa, pia ni yako." Akafikiria. "Lakini hawezi kubeba alama yangu. Hiyo ni wizi. Ya kwenu ni ipi?"

Nikasikia kelele za karakana, kisha mlango ukifungwa.

"Sumad yetu?" Guleid akasema. "Baba, mimi nilizaliwa Nairobi. Ngamia walishaisha. Niliiona nikiwa mdogo tu, sikumbuki imekunjwa wapi." Akakohoa. "Ngoja nimuulize mama."

Tukangoja. Ndio, watu kumi, na mteja wangu mmoja wa kweli aliyekuja kununua balbu, tukangoja mtu Nairobi amuulize mama yake alama ya ngamia waliokufa. Baada ya muda simu yangu ikatetemeka. Ilikuwa picha: mchoro wa kalamu nyuma ya kadi ya kazi ya kampuni, mstari uliosimama na ndoano mbili. Chini ameandika: *Mama analia lakini anasema ni hii.*

Mzee aliitazama sana. Kisha akatoa ndani ya shuka vyuma viwili virefu vya kuchorea alama yoyote, alivyovileta kwa ajili ya ganda jipya, akavipeleka kwenye jiko la jirani yangu wa mandazi.

"Apa, hapana!" nikamkimbilia. "Hiyo mashine ni mpya! Imetoka Nairobi leo!"

"Kipengele cha saba," akasema. Alikuwa amekishika kuliko mimi.

"Na matundu je?"

Hapo akasimama. Akanitazama, chuma mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaniuliza kitu akitaka kweli jibu. "Basi nionyeshe. Mahali hawa hawatakosa hewa."

Niligeuza mashine huku na huku. Nikapuliza kila upande kwa mdomo kama mwendawazimu, nikisikiliza hewa inapita wapi. Elema akavaa miwani akaja kukagua. Tukakubaliana, mimi wakala na yeye mkaguzi mstaafu, kwamba juu, nyuma, kona ya kushoto, ni ganda tupu, hakuna kinachopumua hapo. Nikachora duara kwa chaki.

"Mshike," mzee akasema.

Haina miguu, haina pembe, na wala haingekimbia. Nilipiga goti nikaishika kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama ninavyoona wengine wakishika ndama, na chuma kikaja, kwanza cha alama ya Ewesit, kisha cha alama ya Guleid.